Siku Tulipomlilia Mwalimu Akiwa Hai

Wapo mpaka leo, hapa mtaani kwetu Naviundu, wanaosema mimi ndiye mwanamke aliyemfanyia kilio mtu anayepumua. Wacha waseme. Wakishamaliza waje depo kwangu wanunue unga kama kawaida, bei haijabadilika kwa ajili ya midomo yao.

Nitaeleza yote jinsi yalivyokuwa, na kosa langu nitalitaja mwenyewe kabla hamjalitafuta. Ila msikae mkingoja nijute.

Mwalimu ni jirani yangu, mwanamke mwenzangu. Parsele yake na yangu, yaani viwanja vyetu, zimetenganishwa na ukuta wa matofali ambao mvua iliubomoa nusu, tukauacha hivyo hivyo kwa sababu pale ndipo tunapopitishiana chumvi, makaa na habari za mtaa. Baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, yeye akazaliwa hapa hapa Lubumbashi. Mimi nililetwa kutoka Butembo, bibi arusi wa mtu wa biashara ya jumla, na nilipofika sikuwa na Kifaransa hata cha kuombea maji. Wateja wa mume wangu waliniwekea karatasi mezani nami nikawa natabasamu tu. Mwalimu ndiye aliyeruka ule ukuta, akaketi nami nyuma ya kaunta kila alasiri akitoka shule, mpaka nikaweza kusoma zile karatasi, faktura zao, mwenyewe na kumwambia mtu kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba ananiibia. Hakuchukua hata kilo moja ya sukari. Alisema malipo yake ni nisimwaibishe mbele za watu.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa akifa mbele ya macho yangu, ameketi. Ameketi, kwa sababu kulala alikuwa hawezi tena. Tezi la shingo lilianza dogo kama ndimu, akalifunika kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Miaka ikapita, likakua mpaka kitambaa kikashindwa, likaanza kumkaba kwa ndani. Akijilaza tu pumzi inakata, kwa hiyo akawa analala amekaa, mito mitatu mgongoni. Sauti yake, ile iliyokuwa inanyamazisha watoto sitini kwa neno moja, ikawa mkwaruzo. Daktari hakumficha. Alimwambia lipasuliwe kabla masika hayajaisha, la sivyo siku moja litaziba njia ya hewa na hakutakuwa na wa kukimbiliwa.

Na hospitali, kabla hata ya kumwandikia kitanda, ilitaka nusu ya gharama ikae mezani. Mwalimu wa shule ya msingi, mshahara unaokuja ukijisikia, hiyo nusu angeichuma kwenye mti gani? Msiniulize kwa nini sikulipa mimi. Mwaka ule lori letu lilipinduka njiani na mzigo wote, tukabaki tunauza mali za watu wengine. Nilitoa nilichokuwa nacho na hakikufika popote.

Sasa, kanisani kwetu kuna kamati ya akina mama wa hisani. Wengi wao waume zao wanafanya kazi kwenye maofisi ya migodi. Mara moja au mbili kwa mwaka wanakodi ukumbi wa boling, ule mchezo wa kubingirisha mpira uangushe chupa za mbao, huko Karavia kwa wenye nacho, wanaalika watu, timu zinalipa ili zicheze, na kinachopatikana kinapelekwa kwenye kituo cha yatima. Mimi nilishakwenda. Nilivaa vile viatu vya kukodi vilivyopita kwenye miguu ya mji mzima, nikarusha ule mpira, ukaingia pembeni kwenye mfereji, watu wakanipigia makofi kwa huruma. Sikuwa na neno. Nilipenda kitu kimoja: watu walikuwa wanatoa huku wanacheka.

Basi Jumapili moja baada ya ibada nikamwendea mama mwenyekiti. Nikamweleza habari za Mwalimu, nikamwomba boling inayofuata iwe kwa ajili yake. Alinisikiliza vizuri, ameshika mkono wangu. Kisha akasema kamati inasaidia vituo, haisaidii mtu mmoja mmoja, maana wakianza na mmoja watamalizia na nani. Akaongeza kwa upole kwamba pia, tuseme ukweli, watu wa Naviundu hawatafika mpaka Karavia kwa ajili ya mchezo. Ule upole ndio ulionichoma. Angenitukana ningerudi nyumbani nimetulia. Nikamwambia kama watu wa Naviundu hawafiki kwenye boling, boling itafika Naviundu. Akacheka kidogo, kama mtu anavyocheka mtoto akisema atanunua ndege.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Likasi kumwona kaka mkubwa wa Mwalimu, kwa sababu ndiye kichwa cha jamaa yao na huwezi kuanza jambo kama hili bila kumpitia. Alinipokea kwa heshima, soda mezani, kiti kizuri. Aliposikia hesabu ya hospitali akafunga macho. Alisema jamaa haina kitu, kila mmoja na mzigo wake, na kwamba wanamwombea dada yao kila siku. Nikamwambia sawa, basi atupe baraka yake tuchangishe sisi majirani. Hapo akanikazia uso.

"Mama, muntu muzima habamuchangie," aliniambia, yaani mtu aliye hai hachangiwi. "Ile ni kuita kifo mu nyumba."

Nilirudi nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Kwa sababu alichosema si chake peke yake, ni chetu sote. Hapa kwetu mtu akifa, mchana haufiki viti vya plastiki vimeshapangwa kwenye avenyu, lile turubai tunaloliita bashi limeshafungwa kutoka nguzo hadi nguzo, sufuria ziko motoni, na mlangoni kuna beseni limefunikwa kitambaa. Hakuna anayepita bila kuweka kitu. Mtu ambaye hakuwahi kukununulia hata panadoli anakuja kukununulia sanduku lenye vishikio vya dhahabu. Ukiwa mgonjwa tunakuambia pole. Tunakuambia Mungu yupo. Nami nilishafanya hivyo mara ngapi, nikaweka kwenye beseni la marehemu pesa ambayo mwezi uliotangulia ingemnunulia dawa. Nilijichukia ndani ya basi lile, nikawachukia na abiria wenzangu ambao hawakuwa wamenikosea kitu.

Nilipofika nikamweleza Mwalimu kupitia ule ukuta. Nilitegemea akatae, ana kiburi cha kimya kimya. Badala yake akaniuliza kama kutakuwa na mtu wa kuandika pointi, kwa sababu watu wa mtaa huu wakicheza kitu chochote wanaibiana. Nikamwambia hakuna. Akasema basi ataandika yeye.

Tukaanza kazi. Seremala wa avenyu yetu anatengeneza milango, vitanda na majeneza, na siku hizi majeneza ndiyo yanayomlisha. Alikubali kutuazima mbao zake ndefu, akazipiga randa zikalainika, akaja kuziunganisha ndani ya parsele yangu zikawa njia moja nyoofu kuanzia kwenye mlango wa depo hadi kwenye kisima. Siku tatu nyundo haikunyamaza. Kwa chupa za kuangusha nilichukua vidumu kumi vya mafuta ya kupikia, vya lita moja, nikavijaza mchanga. Mpira ndio ulitusumbua. Wa mguu ulikuwa mwepesi, ukigonga vidumu unarudi wenyewe. Ndipo seremala akakumbuka zile tufe za chuma zinazozungushwa viwandani ndani ya mapipa ili kusaga mawe ya shaba. Zikichakaa zinaishia kwa watu wa mitraye, wanaonunua vyuma vikuukuu, na kwa watu wa mitraye mimi sina aibu ya kubishana bei. Nilirudi na nne. Tulipoijaribu ya kwanza ilibingirika kwenye mbao kwa kishindo hata jirani wa tatu akatoka nje kuangalia kama lori limeanguka. Vidumu tisa vililala. Mimi na seremala tulikumbatiana, na mume wangu akauliza kama hiyo biashara ya unga imekwisha.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Nilitaka watu wengi, si majirani tu. Mwalimu amefundisha watu waliotawanyika mpaka Kipushi, mpaka Kolwezi. Nikaenda kwa mwenye studio ya picha pale barabarani, nikampa picha ya Mwalimu, nikamwambia atengeneze tangazo zuri la kutuma kwenye simu. Naye akaweka picha ndani ya umbo la yai, akaizungushia maua meupe, juu njiwa wawili. Nikaona imependeza. Naapa niliona imependeza. Akaandika kwa herufi za dhahabu: Pamoja kwa ajili ya Mwalimu wetu. Jumamosi kuanzia saa nne, Naviundu. Njoo na mchango wako. Nilikuwa nimemwomba achore na vidumu na mpira, akasema nafasi imejaa, vitaharibu maua. Nikasema acha, maua ni mazuri. Nikalipa, na Alhamisi nikalituma kwa kanisa, kwa wazazi wa shule, kwa wanafunzi wake wa zamani, nao wakalituma kwa wengine.

Mwenye akili finyu kuliko wote siku ile nilikuwa mimi. Tangazo la kifo lina sura gani hapa mjini? Lina sura hiyo hiyo. Mwenye studio alichukua fremu anayoitumia kila wiki, akabadilisha picha.

Watu wakaanza kunipigia, wengine sauti inatetemeka. Mmoja aliniuliza kama ni kweli. Nikamwambia kweli kabisa, na aje na wenzake. Akalia kwenye simu. Nikasema moyoni kumbe watu wana huruma, nilikuwa nawahukumu bure. Mwingine aliuliza kama anaweza kuleta kwaya. Nikamwambia mchezo bila wimbo hauna ladha, alete. Labda alidhani huzuni imenipanda kichwani. Na waliopita Naviundu wenyewe waliona nini? Mbao za seremala wa majeneza zinaingia kwangu, nyundo inapiga siku tatu, Ijumaa nafunga bashi na kushusha viti vya plastiki, Jumamosi asubuhi akina mama wanapika bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kwenye sufuria kubwa, na beseni langu liko mlangoni limefunikwa kitambaa. Sikuwa na beseni la namna nyingine, wala sikujua namna nyingine ya kupanga watu wengi.

Saa nne ilipofika Mwalimu alikuwa amesimama mwisho wa ile njia ya mbao, amevaa kikwembe, kitenge chake cha sikukuu, chaki mkononi, mbele ya ubao aliouazima shuleni. Timu mbili za avenyu yetu zilikuwa zimeshaanza kurusha na zimeshaanza kuibiana. Ndipo tuliposikia sauti kutoka kwenye kona. Hapa hakuna asiyeijua sauti ile. Wanawake wanaanza kulia tangu mbali ili wafike mlangoni kilio kimepanda.

Waliingia watatu, vikwembe vimefungwa kiunoni, wakajitupa chini pale mlangoni wakiita Mwalimu, Mwalimu wetu umetuacha na nani. Niliwatambua wawili, waliwahi kukaa darasa moja na binti yangu. Nilisimama na kisahani cha karanga mkononi, mdomo wazi. Nilielewa yote kwa mara moja: maua, njiwa, yule wa kwaya. Nikatamani ardhi inimeze.

Mmoja wao aliinua uso ili apumue, akaona miguu, akapandisha macho taratibu mpaka kwenye uso wa Mwalimu. Alipiga ukelele mwingine kabisa, akatoka mbio mpaka barabarani na kiatu kimoja. Wale wawili walibaki wamepiga magoti. Hata wale wezi wa pointi waliacha kuiba.

Mwalimu aliwatazama. Akasema kwa ule mkwaruzo wake kwamba wajifute pua na waingie kwenye mstari, timu ya tatu ina upungufu wa watu. Na wale wanawake, akina mama wenye watoto wao, waliinuka wakaingia kwenye mstari. Miaka ishirini imepita na bado walimtii. Mmoja alirusha tufe huku machozi hayajakauka, akaangusha vidumu saba.

Baada ya hapo haikusimama. Walikuja kwa makundi, wanalia kwenye kona, wananyamaza mlangoni, wanakasirika kwa dakika moja, wanacheka, wanaweka kwenye beseni. Walikuwa wamekuja na mchango wa kilio, kila mtu amejipanga kama mtu anavyojipanga kwa marehemu, yaani vizuri. Kwaya ilifika na nyimbo za maziko, haikuwa na nyingine zilizofanyiwa mazoezi, ikaziimba kwa haraka haraka na watu wakacheza. Mimi niligeuka mlangoni kuwa askari. Aliyesema atarudisha mchango wake mfukoni kwa sababu hakuna aliyekufa, nilimwuliza kama amekuja kumpa Mwalimu au kumpa udongo. Mmoja aliniita mchawi. Nikamwambia mchawi anaua, mimi nimemfufua, aweke pesa kwenye beseni.

Alasiri likafika basi kutoka Likasi.

Nilikuwa nimeisahau jamaa. Niliposikia breki na kuona watu wanashuka wamevaa nyeusi, nilisogeza beseni nyuma yangu. Kaka mkubwa alitangulia, suti nyeusi, taji la maua ya plastiki begani, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Ni lazima niseme hivyo kwa haki yake. Alikuwa analia kweli. Alipomwona dada yake amesimama pale na chaki, alishika nguzo ya lango kwa mikono miwili na taji likaanguka. Alimwita kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Dada yake akamwitikia.

Kisha machozi yalikwisha na zamu yangu ikafika. Aliniuliza kama najua nimefanya nini. Kwamba alipoliona tangazo aliwaamsha watu, akachangisha Likasi nzima kwa siku moja na nusu, watu wameuza mbuzi, watu wamekopa, ametafuta basi, amemwambia mchungaji, na sasa atarudi kuwaambia nini. Alikuwa ameshika bahasha nene ya kaki, anaipigapiga kwenye kiganja. Alisema watageuza sasa hivi na kila mtu atarudishiwa chake, kwa sababu pesa ya kilio haiingii hospitali, inafuatwa na kifo.

Mimi mdomo wangu mnaujua. Nilisimama katikati ya lango. Nilimwambia, "Papa, wiki mbili zilizopita nilikaa kwako na ukaniambia jamaa haina kitu. Hii imetoka wapi?"

Aliigeuza bahasha mkononi. Nikarudia. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba juu ya kifo bantu banatoa, yaani kwa ajili ya kifo watu hutoa. Nadhani alijisikia mwenyewe alipolisema, kwa sababu alitazama pembeni. Lakini bahasha akaiingiza ndani ya koti, akageuka kuwaita watu wake wapande basi. Hesabu ya hospitali niliijua kwa kichwa. Beseni lilikuwa limejaa kuliko nilivyoota na bado halikufika. Bila ile bahasha tulikuwa tumecheza tu. Nilitaka kumrukia, nasema ukweli, mtu mzima na suti yake.

Mwalimu alikuja kwa kupita juu ya mbao, katikati ya njia, watu wakisimamisha mchezo. Alikuwa amechoka, ule uvimbe unapanda na kushuka kila akivuta hewa. Alisimama mbele ya kaka yake, akasubiri kwanza pumzi irudi, akamwita kama mdogo anavyomwita mkubwa wake.

"Yaya, hii feza mulichanga juu ya nani?"

"Juu yako."

"Basi iko yangu. Leta."

"Ilikuwa ya kukuzika."

"Nimesikia. Leta."

Akanyoosha mkono, kiganja juu, chaki imemchafua vidole. Hakuushusha. Nilihesabu pumzi zake kwa sababu zilisikika mpaka nilipokuwa. Jamaa yote ya Likasi ilikuwa imesimama na nyeusi zake kwenye avenyu, hakuna aliyesaidia upande wowote. Kaka mkubwa aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha, akaiweka kwenye kile kiganja kama mtu anayeweka kitu motoni. Mwalimu akaitia kwenye beseni mwenyewe, akarudi kwenye ubao, akauliza zamu ni ya nani.

Wa Likasi hawakucheza. Walikula, maana chakula kilikuwepo na safari ilikuwa ndefu, kisha wakaondoka. Taji la maua lilibaki. Timu ya wale wanawake wa mlangoni ilishinda gunia la unga, na mmoja wao akalivaa taji shingoni mpaka jioni.

Alipasuliwa siku kumi baadaye. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi, nikagombana na muuguzi, nikagombana na mlinzi, nikamgombeza Mungu pia kidogo. Daktari alitoka akasema limetoka lote. Nilimshukuru kwa adabu, nikaenda nyuma ya jengo karibu na pipa la takataka nikalia mpaka kitambaa changu cha kichwa kikalowa. Hicho ndicho kilio changu, na hakukuwa na bashi.

Naviundu haikuacha. Mbao seremala alizitaka, akatengeneza nyingine za kudumu. Sasa boling ya chuma inalia kwangu kila baada ya miezi michache, na sharti ni moja tu, anayechezewa lazima awepo na aandike pointi mwenyewe kama mkono unaweza. Tumemchezea fundi baiskeli aliyevunjika nyonga, tumemchezea mama wa mapacha. Tangazo sasa nalichora mimi kwa kalamu, vidumu na mpira, hakuna ua hata moja. Mama mwenyekiti wa Karavia alikuja safari moja na viatu vyake vizuri. Alilipa kama watu wote, akarusha, tufe ikatoka nje ya mbao ikaua kuku. Alimlipia na kuku.

Lakini wapo ambao hawakutusamehe. Mwaka mmoja ulipotimia tangu ule mchezo, kaka mkubwa alifika kutoka Likasi na wazee wawili wa jamaa, asubuhi na mapema, bila taarifa. Mwalimu alinipigia hodi kwenye ukuta nikavuka. Waliketi sebuleni, mikono juu ya magoti. Kaka alieleza kwamba jamaa imekaa ikazungumza. Dada yao amekula pesa ya maziko yake akiwa hai, na waliochanga wameshachanga. Wameamua kumfuta kwenye karatasi ya michango. Siku atakapokufa jamaa haitatoa sanduku, haitatoa basi, haitapika. Hakuna atakayelazimishwa kulia. Alilisema bila chuki, kwa uchungu hata, na mmoja wa wazee akafungua karatasi ili Mwalimu aone mahali jina lake litakapopigwa mstari. Nilishavuta pumzi ili nianze. Mnajua ningeanza.

Mwalimu alinigusa goti ninyamaze. Kovu lilikuwa limemzunguka shingo yote, jembamba. Sauti ilikuwa imerudi, si ile ya zamani, lakini ya kutosha watoto sitini. Alichukua mkoba wake wa shule kutoka kwenye msumari, akamwekea kaka yake kikombe cha chai mbele, akamsogezea na sukari.

"Mupige mustari, yaya," akasema. "Ile siku hata mukinizika bule, bila sanduku, mi sitasikia kitu. Leo niko na masomo, batoto banangoya."